Mwanangu anasubiri sheria ya Marekani tangu 2008. Itapita lini?

Swali: Mimi ni mama wa Tanga. Mwanangu wa kwanza alikwenda Texas mwaka 2008 kwa viza ya mwanafunzi, akiwa na miaka 19. Mwaka wa pili ada ikatushinda, akaacha chuo akaanza kazi. Mpaka leo hana makaratasi. Ana binti wa miaka tisa aliyezaliwa huko huko. Baba yake alifariki 2016, hakuweza kuja kuzika. Kila uchaguzi wa Marekani unapokaribia ananiambia, "Mama, safari hii sheria yetu inapita." Haipiti. Kwa nini vyama vyote viwili vinasema mambo ya uhamiaji yameharibika na hakuna anayetengeneza? Na je, nimwambie aendelee kusubiri au arudi nyumbani?

Jibu:

Shikamoo mama. Pole kwa msiba wa mzee, na pole zaidi kwa kuzika bila mwanao mkubwa kuwepo.

Kwa kifupi: asiyaweke maisha yake rehani kwa sheria inayosubiriwa bungeni Washington, na asipande ndege kurudi kabla mwanasheria hajaona karatasi moja nitakayoitaja mwishoni. Sitaki uyapokee haya kwa kuniamini tu, kwa hiyo nivumilie nieleze yalikotoka.

Wengi wanadhani Wamarekani wamekwama kwa sababu hawajapata jawabu. Jawabu limeandikwa miaka mingi, na tangu 2006 halijabadilika sana. Kuna ulinzi wa mpaka na ukaguzi wa waajiri. Kuna njia ya waliokwishakaa miaka mingi kulipa faini na kodi wanazodaiwa, wapate vibali. Na kuna milango ya halali kwa wafanyakazi wapya, ili kesho wasirundikane wengine gizani. Wanachogombania ni nani atangulie kutoa.

Wewe ni mtu wa Tanga, unajua mali kauli: mtu anachukua mzigo leo, atalipa akishauza. Novemba 1986 Rais Ronald Reagan alitia saini sheria iliyokuwa mali kauli ya namna hiyo. Upande mmoja ulitoa mzigo wote palepale: watu wapatao milioni 2.7 walihalalishwa, waliokuwa wamekaa tangu kabla ya Januari 1982 na waliofanya kazi mashambani. Upande wa pili uliahidi kwamba kuanzia hapo mwajiri atakayeajiri mtu asiye na kibali ataadhibiwa, na hivyo wengine hawataona sababu ya kuja.

Ahadi hiyo ilikuwa na tundu ndani ya neno moja. Sheria ilisema mwajiri ataadhibiwa akiajiri "akijua". Kazi yake ikawa kujaza fomu iitwayo I-9, kutazama vitambulisho, na kuvipokea vikionekana ni vya kweli. Soko la vitambulisho bandia likachanua. Kampuni nyingi zikaanza kuchukua vibarua kupitia mawakala, ili likitokea la kutokea awe wakala ndiye mwenye mzigo. Wakati huohuo milango mipya kwa wafanyakazi wa kawaida haikufunguliwa. Kufikia 2007, kituo cha utafiti cha Pew kilikadiria watu wasio na makaratasi kuwa milioni 12.2.

Tangu hapo kila mazungumzo yanaanzia kwenye deni hilo. Warepublikani wengi wanasema: tulitoa mzigo 1986, malipo hatujayaona, safari hii mpaka ufungwe kwanza ndipo tuzungumze habari za watu. Watetezi wa wahamiaji na Wademokrati wengi wanajibu: tumelipa mara nyingi tangu wakati ule, kwa sheria kali, uzio na mabilioni ya bajeti, na hao watu hamjawahi kuwazungumzia. Nimeyapima madai hayo kwa miaka mingi. La kwanza lilikuwa la haki mpaka miaka ya tisini. Kwa leo la pili lina uzito mkubwa zaidi.

Moja ya malipo hayo ni sheria ya Septemba 1996 iliyotiwa saini na Bill Clinton, na hiyo inakugusa wewe moja kwa moja. Inasema aliyekaa bila uhalali zaidi ya siku 180 akiondoka hawezi kurudi kwa miaka mitatu, na aliyefikisha mwaka mmoja au zaidi hawezi kurudi kwa miaka kumi. Waliitunga ili watu waogope kupitiliza muda, lakini ikafanya kinyume chake. Mtu aliyekwishapitiliza akaona kutoka ni kujifungia mlango kwa nje, akaganda alipo. Wafanyakazi wa Mexico waliozoea kwenda msimu wa mavuno na kurudi kwao wakaacha kurudi, wakaleta familia. Na kijana wa Tanga akashindwa kuja kumzika baba yake.

Majaribio yaliyofuata nitayapitia haraka. Mwaka 2001 George W. Bush na Rais Vicente Fox wa Mexico walikuwa wamefika mbali, Fox akapokewa Washington mwanzoni mwa Septemba. Siku chache baadaye yakatokea mashambulizi ya Septemba 11 na faili likafungwa. Mwaka 2006 Seneti ilipitisha mswada wake kwa kura 62 kwa 36, lakini Baraza la Wawakilishi lilikuwa limepitisha wa kwake wa kufanya kukaa bila makaratasi kuwa kosa kubwa la jinai. Mabaraza hayo mawili hayakukaa kupatanisha. Mwaka 2007 Bush alijaribu tena pamoja na Seneta Edward Kennedy. Mswada ukapata kura 46 tu za kuuvusha, wakati kanuni za Seneti zinadai 60 kati ya 100 ili mjadala ufungwe na kura ya mwisho ipigwe.

Mwanao asikuambie kwamba chama kimoja ndicho kilichoua kila kitu. Mwaka huo wa 2007 vyama vya wafanyakazi vilichukia mpango wa vibarua wa muda, vikisema utashusha mishahara. Seneta wa Kidemokrati, Byron Dorgan, akaleta rekebisho la kuufuta mpango huo baada ya miaka mitano, likapita kwa kura 49 kwa 48. Mmoja wa walioliunga mkono alikuwa seneta kijana aitwaye Barack Obama. Wafanyabiashara waliokuwa nguzo ya mswada wakapoa. Kisha Obama akawa rais, akiwa ameahidi kuleta mswada ndani ya mwaka wa kwanza, na kwa miezi kadhaa chama chake kilikuwa na viti 60 vya Seneti. Wakatanguliza bima ya afya. Desemba 2010, ulipoletwa mswada mdogo wa vijana waliopelekwa Marekani wakiwa watoto, ulipata 55 na kuzikosa 60 kwa kura tano, na Wademokrati watano waliupinga. Hesabu hiyo inaniuma mpaka leo.

Mwaka 2012 Obama aliwapa vijana hao kinga ya muda, DACA, kwa amri ya utawala. Mwanao hakuingia: ilitaka mtu awe amefika kabla ya kutimiza miaka 16 na awe Marekani tangu Juni 2007.

Nataka nikae kidogo kwenye mwaka 2013, kwa sababu ule ulikuwa mswada wa mwanao. Maseneta wanane, wanne kila upande, waliandika kitabu kizima cha sheria. Juni 27, 2013 kikapita Seneti kwa kura 68 kwa 32, Warepublikani 14 wakiwemo. Kiliongeza walinzi wa mpaka hadi kukaribia 40,000 na kutaka uzio wa maili 700, na kilisema grini kadi zisitolewe kabla hayo hayajafanyika. Yaani safari hii haikuwa mali kauli. Malipo yalitangulia mezani. Kwa wasio na makaratasi waliokuwepo kabla ya mwisho wa 2011, kiliweka hadhi ya muda ya miaka kumi, wakilipa faini na kodi na kupita ukaguzi wa polisi, halafu grini kadi, na uraia baada ya miaka mitatu zaidi. Jumla miaka 13. Waliopitiliza viza walihesabiwa sawa na waliovuka mpaka kwa miguu. Na mwenye hadhi ile ya muda angeruhusiwa kusafiri nje na kurudi, mradi asizidishe siku 180.

Mwanao aliingia 2008. Kama sheria ile ingepita, baba yake alipofariki 2016 angepanda ndege akaja kuzika.

(Isidhaniwe kwamba mswada ule ulikuwa neema tupu kwetu Waafrika. Sehemu ya bei yake ilikuwa kufuta bahati nasibu ya grini kadi, ambayo tangu miaka ya tisini imewapa Watanzania na Wakenya wengi mlango ambao wasingeupata kwingine. Hata hivyo, kwa mizani yangu, ulistahili kupita.)

Ulikwendaje ukafa? Haukupigiwa kura ukashindwa. Spika wa Baraza la Wawakilishi, John Boehner, alisema haleti mswada usioungwa mkono na wengi wa chama chake, hata kama kura za Wademokrati wote na Warepublikani wachache zingeutosha kupita. Na wale Warepublikani hawakuogopa uchaguzi mkuu. Waliogopa kile tunachokiita sisi kura za maoni. Wewe unajua jinsi mbunge wa jimbo ambalo chama chake hakishindwi anavyolala macho wakati wa kura za maoni kuliko siku ya uchaguzi wenyewe. Kwa Wamarekani ni hivyo hivyo: majimbo mengi yana chama kimoja kisichoshindwa, na wanaojitokeza kupiga kura za ndani ni wachache na wakali. Juni 10, 2014 Eric Cantor, mtu wa pili kwa ukubwa miongoni mwa Warepublikani katika Baraza, aliangushwa jimboni kwake Virginia na mwalimu wa uchumi asiyejulikana, Dave Brat, aliyemshambulia kwa kulegeza msimamo juu ya uhamiaji. Kabla mwezi haujaisha, Boehner alimwambia Obama kwamba hakutakuwa na kura mwaka huo. Wengine walijifunza somo lile, na bado wanalikumbuka.

Ukitazama hivyo utaona kwa nini mkwamo unadumu. Gharama yake haigawanywi sawa. Mwanasiasa anayekataa hapotezi kiti. Anayekubali anaweza kukipoteza. Mwajiri anapata mtu wa kuosha wagonjwa usiku, kuchinja kuku kiwandani na kuchuma nyanya, ambaye hatathubutu kwenda kulalamika. Serikali nayo inakusanya: taasisi moja ya kodi ya Washington ilikadiria kwamba wasio na makaratasi walilipa kodi za dola bilioni 96.7 mwaka 2022, zikiwemo bilioni 25.7 za mfuko wa pensheni ambao wengi wao hawatauona. Anayebaki na mzigo ni mwanao, na wewe.

Huenda umesikia watu wakisema, "Kwa nini hawa hawakupanga foleni?" Foleni ya mtu wa kazi za kawaida karibu haipo. Sheria ya 1990 iliweka grini kadi 10,000 kwa mwaka kwa wafanyakazi wasio na ujuzi maalumu, dunia nzima, wake na watoto wao wakihesabiwa humo. Kwa miaka mingi zilikuwa zikitolewa kama 5,000 tu. Linganisha na nchi ambayo Pew ilikadiria kwamba mwaka 2023 ilikuwa na watu milioni 14 wasio na hadhi kamili.

Kuna njia nyingine ambayo mwanao aliikosa kwa unywele. Sheria ya Marekani ina kifungu cha zamani, cha tangu 1929, kinachomruhusu aliyekaa muda mrefu kujiandikisha kuwa mkaazi. Kila baada ya miaka Bunge lilisogeza mbele tarehe ya kuingia. Mara ya mwisho ilisogezwa na sheria ile ya 1986, ikawekwa Januari 1, 1972, na hapo ndipo ilipo hadi leo. Mwaka 2021 Wademokrati walitaka kuipeleka 2010, wakijaribu kuipitisha kupitia utaratibu wa bajeti usiohitaji kura 60. Mshauri wa kanuni za Seneti, Elizabeth MacDonough, alikataa, akisema hilo ni badiliko la sera lisilo na mahali katika bajeti. Mwanao aliyeingia 2008 angeingia.

Tangu hapo mizani imehama. Februari 2024 maseneta wa pande zote walileta mswada mkali wa mpaka, ambao watu kama mwanao hawakutajwa kabisa. Zamani upande mmoja ulitoa ulinzi wa mpaka ili upande wa pili utoe vibali kwa waliopo, safari hii ulinzi wa mpaka uliambatanishwa na fedha za Ukraine. Hata huo ulikufa kwa kura 49 kwa 50 baada ya Donald Trump kuupinga. Julai 4, 2025 Trump alitia saini sheria kubwa ya bajeti yenye dola bilioni 45 kwa ajili ya kuwaweka wahamiaji kizuizini peke yake. Ilipita kwa utaratibu uleule wa bajeti uliowakatalia Wademokrati, kwa kuwa fedha ni fedha. Ndani ya sheria hiyo kuna pia tozo ya asilimia moja kwa pesa zinazotumwa nje, kuanzia Januari 2026: inamkata anayelipia kwa fedha taslimu dirishani, haimkati anayetuma kutoka akaunti ya benki ya Marekani. Mwambie, usije ukakatwa bure.

Upo mswada mwingine, wa Julai 2025, wa wabunge María Elvira Salazar wa Florida na Veronica Escobar wa Texas, mmoja wa kila chama. Ungewapa waliokuwepo kabla ya 2021 kibali cha miaka saba kinachohuishwa, kwa malipo ya dola 7,000, bila njia ya uraia. Ninauheshimu. Lakini kura za maoni ni zilezile na zile 60 za Seneti ni zilezile, kwa hiyo sitamshauri mtu apange maisha juu yake.

Sasa mwanao. Ana kitu ambacho mamilioni hawana: aliingia kwa mlango, akapigiwa muhuri uwanja wa ndege. Sheria inawatenganisha kabisa watu kama yeye na waliovuka mpaka bila kukaguliwa. Aliyeingia kwa viza, hata akipitiliza miaka 15, anaweza kuombewa grini kadi na mke raia wa Marekani, au na mtoto raia akishatimiza miaka 21, na akaipata bila kutoka nchini. Mjukuu wako ana tisa. Miaka 12 ni mingi, lakini hiyo ni sheria iliyopo tayari. Haihitaji kura ya seneta yeyote.

Njia hiyo inaweza kuharibika kwa mambo ambayo watu watamshauri kwa nia njema. Watamwambia aoe kwa ajili ya makaratasi. Ndoa ya uongo ikigundulika, hakuna ombi lolote litakalokubaliwa kwa ajili yake baadaye, hata la binti yake wa damu. Watamwambia ajilipue, yaani aombe hifadhi kwa hadithi ya kutunga. Muda wa kuomba ni mwaka mmoja tangu kufika, isipokuwa kwa sababu maalumu, na ombi likithibitika ni la kughushi linamfungia faida zote za uhamiaji maisha. Na lipo la tatu, ambalo huenda amekwishalifanya bila kujua. Ile fomu ya I-9 niliyoitaja ina kisanduku cha kusema wewe ni raia wa Marekani. Aliyekitia alama ili apate kazi amejidai uraia kwa uongo, na kosa hilo halina msamaha kwa anayeomba grini kadi. Muulize. Kama alifanya, amweleze mwanasheria ukweli wote, asimfiche. Na awe mwanasheria mwenye leseni, si mtu anayejaza fomu nyuma ya duka.

Kwa kuwa anaweza kukamatwa hata akiwa na matumaini ya kesho, aandike mapema ni nani atamchukua binti shuleni siku hiyo, na namba ya mwanasheria aijue kwa kichwa, kwa sababu simu atanyang'anywa.

Kurudi ni uamuzi wake, na si aibu akirudi. Wapo waliorudi wakajenga maisha, na mama kumuona mwanawe ni jambo ambalo sheria yoyote haiwezi kulipia. Ila asirudi akidhani anajua kitakachomkuta. Ile adhabu ya miaka kumi huenda haimhusu. Wanafunzi wengi waliingizwa bila tarehe ya mwisho. Badala yake ziliandikwa herufi D/S, maana yake kwa muda wote wa masomo. Kwa mtu wa namna hiyo, siku za adhabu hazianzi kuhesabiwa pale alipoacha chuo. Zinaanza pale idara ya uhamiaji au jaji wa uhamiaji anapotamka rasmi kwamba amevunja masharti. Kama hakuna aliyetamka, mwanao amekaa miaka yote hii akiogopa adhabu ambayo huenda haijaanza. Hilo halimpi viza mpya. Ubalozi unaweza kumnyima kwa historia yake, na kumwacha mbali na binti yake. Lakini kati ya kunyimwa viza na kufungiwa miaka kumi kuna tofauti kubwa, na lazima aijue kabla ya kuamua.

Karatasi yenyewe inaitwa I-94. Mwaka 2008 ilikuwa kadi ndogo nyeupe iliyobanwa kwa pini ndani ya pasi pale uwanja wa ndege. Mwambie aitafute pasi ile ya kwanza aliyosafiria, hata kama muda wake umekwisha na amekwishapata nyingine, asome kilichoandikwa pale palipotakiwa tarehe, na aipeleke kwa mwanasheria kama ilivyo, bila kuichomoa.